Haki ya Njia na Simu ya Dereva



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, muhula unakwenda ukingoni. Wiki chache zijazo tutafunga mabegi. Kuna watakaotoka Mbale kwenda Kampala kwa njia ya Tirinyi, kuna watakaokwenda mbali zaidi mpaka Arua, na wenzetu wa Kenya watavuka mpaka pale Malaba au Busia. Kila gari tutakalopanda litakuwa na dereva, na kila dereva atakuwa na simu. Nataka tuizungumze simu hiyo kabla ya safari, tusingoje kuizungumza tukiwa tumekaa matangani.

Kila Ijumaa, kabla khatibu hajapanda mimbari, tunakumbushwa kuzima simu. Hakuna anayenuna, kwa sababu jambo lenyewe lina msingi. Katika Sahih Muslim imepokewa kuwa anayegusa changarawe wakati wa khutba amefanya la upuuzi. Msikiti wa Mtume (s.a.w.) ulitandikwa changarawe, na mtu aliyechoka kukaa angeweza kuzichezea kwa vidole huku masikio yake yako kwa khatibu, au yeye anadhani yako huko. Wanachuoni wa zama zetu wameifananisha simu na changarawe zile, na mfano huo unakaa sawasawa: kitu kidogo, kiko chini ya mkono, na kinaiba moyo bila mwenyewe kujua.

Sasa tumtoe mtu huyu msikitini, tumkalishe nyuma ya usukani. Yule wa msikitini akichezea simu amepoteza thawabu zake mwenyewe. Huyu wa barabarani ana abiria 14 nyuma yake katika taksi zetu hizi, ambazo Wakenya huziita matatu, na mbele yake wapo watoto wanaotoka shule, mama aliyebeba ndizi kichwani na mzee anayesukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa. Gari likienda kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya mita 22 kila sekunde. Kusoma ujumbe mfupi na kuanza kuujibu ni sekunde tano, ukiwa mwepesi. Katika sekunde hizo tano gari limekwenda mita 111, urefu wa uwanja wa mpira na ziada, na dereva wake ni kama kipofu. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yumo katika hatari ya kupata ajali karibu mara nne kuliko asiyeitumia. Shirika hilo hilo linahesabu watu milioni 1.19 waliokufa barabarani duniani katika mwaka 2021, na linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Huo ndio umri wetu sisi tunaosoma jarida hili. Hapa Uganda peke yake, polisi walihesabu zaidi ya watu 5,000 waliokufa barabarani mwaka 2024.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudriy (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaonya Masahaba wasikae njiani. Waliposema hawana budi, kwa kuwa hapo ndipo wanapozungumza mambo yao, akawaambia basi waipe njia haki yake, na akaitaja haki hiyo: kuinamisha macho, kujizuia kuudhi watu, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Wale walikuwa watu waliokaa tu pembeni mwa njia, hawana chuma wala injini, na bado njia ilikuwa na haki juu yao. Mwenye gari la tani mbili haki yake ni nzito zaidi. (Na kuinamisha macho, jamani, maana yake ni kuyazuia na haramu. Si kuyainamishia WhatsApp pajani.)

Wako wanaosema mambo ya trafiki ni mambo ya serikali, na dini ni kitu kingine. Maneno haya nimeyasikia hata kwa watu wa elimu, na si sahihi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, lilikutana Bandar Seri Begawan, Brunei, mwezi wa Juni 1993, likatoa azimio namba 71 kuhusu ajali za barabarani. Jumuiya hiyo ndiyo iliyoanzisha Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilichofungua milango Mbale mwaka 1988, kwa hiyo baraza hili si geni kwetu hata kidogo. Azimio linasema kuzifuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu wa kisharia. Halisemi ni hiari, wala halisemi ni adabu nzuri. Linasema pia kuwa adhabu za kumzuia mvunjaji, hata za faini, zinafaa, ili watu wasiweke roho za wenzao hatarini.

Sheria yenyewe inajulikana. Uganda imemkataza dereva kushika simu na kuitumia gari likiwa linakwenda. Mkataba wa Vienna wa usafiri wa barabarani wa mwaka 1968, uliorekebishwa mwaka 2006, unazitaka nchi wanachama ziweke katazo hilo hilo. Na mtu akisema serikali hii si ya Kiislamu, kwa hiyo utiifu huo haumhusu, tunamuuliza: leseni uliichukua vipi? Uliiomba mwenyewe, ukakubali masharti yake, ukatia sahihi. Waislamu wanafungwa na masharti yao, hilo ni katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) aliyoyapokea Tirmidhi na Abu Dawud. Kisha sharti lenyewe linalinda nini? Linalinda nafsi, na nafsi imo katika mambo matano ambayo Imam al-Ghazali na ash-Shatibi walituonyesha kuwa sharia yote imekuja kuyahifadhi. Anayeweka simu chini kwa sababu ameona fulana nyeupe ya trafiki pale mbele, akishampita akainyanyua tena, huyo anamwogopa askari.

Nije kwenye neno linalotusumbua zaidi, neno la qadar. Ajali ikitokea, hata kabla ya maiti kuoshwa, utasikia: ni kazi ya Mungu, siku zake zilikuwa zimefika. Ni kweli, hakuna anayekufa kabla ya ajali yake. Lakini neno hilo ni la kumfariji mfiwa. Likitoka kinywani mwa dereva aliyekuwa akiandika ujumbe limegeuka kuwa kinga ya mwenye kosa. Umar ibn al-Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh akaambiwa kuna tauni mbele, aliamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akajibu kuwa ndiyo, wanaitoka qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah, kisha akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye kingo mbili, moja ina majani na nyingine kavu: popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa qadar. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Simu iliyozimwa ni qadar, na simu iliyowashwa ni qadar. Wewe umepewa mkono wa kuchagua, na utaulizwa juu ya mkono huo.

Tena fiqhi yetu haikuliacha neno la qadar lifute dhamana. Hapa naomba tutulie kidogo, kwa maana ni elimu ambayo wengi wetu hatuifikirii mpaka msiba ubishe hodi. Suratun-Nisaa, aya ya 92, inazungumzia anayemuua muumini kwa kukosea. Hakukusudia, hakuwa na chuki, pengine hata hakumjua. Bado aya inamwekea mambo mawili: diya ifikishwe kwa watu wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakisamehe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa muumini, asiyeweza, afunge miezi miwili mfululizo. Fikirini: miezi miwili mfululizo, si Ramadhani moja bali mbili zilizoungana, na akila siku moja katikati bila udhuru anaanza upya. Na kauli ya wanachuoni wengi ni kuwa kila roho ina kafara yake. Waliokufa wakiwa wanne, ni miezi minane. Huyo ni mtu ambaye hakukusudia kumuua yeyote. Alitaka kujibu "sawa" tu.

Azimio lile la Brunei limetaja hali ambazo dereva huvuliwa dhamana. Ni tatu: ajali iliyosababishwa na nguvu asiyoweza kuizuia wala kujikinga nayo, kitendo cha aliyeumia mwenyewe ambacho ndicho kilicholeta matokeo, na kosa au uchokozi wa mtu mwingine, ambaye ndiye atakayebeba. Pitia tatu hizo mara mbili, mara tatu. Simu iliyolia haimo. Kulia kwa simu si nguvu isiyozuilika.

Kuna hila pia, na hila za madereva wetu ni nyingi. Mwendesha bodaboda anaichomeka simu ndani ya helmeti, ikabanwa baina ya sikio na sifongo, mikono yote miwili iko kwenye usukani, naye anakwambia sheria imekataza kushika na yeye hakushika. Tusimcheke peke yake. Hata wenye mahakama kubwa wamepitia huku. Uingereza ilikataza simu ya mkononi kwa madereva tangu tarehe 1 Desemba 2003, lakini maneno ya sheria yalihusu mawasiliano. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya huko ikaona dereva aliyekuwa akipiga video ya ajali kwa simu huku akiendesha hakuvunja kifungu kile, maana kupiga video si kuwasiliana. Ikabidi sheria iandikwe upya, na kuanzia Machi 2022 ikakusanya picha, video, michezo na kuchagua nyimbo. Sheria ya wanadamu hukimbizana na hila kwa zaidi ya miaka 18. Taqwa ingelimaliza jambo hilo siku ya kwanza, kwa sababu mwenye taqwa haulizi maneno ya kifungu yanaishia wapi. Anauliza kama yule mtoto anayevuka barabara yuko salama naye.

Na kuhusu kuzungumza bila kushika, kwa waya za masikioni au spika ya gari, sheria za nchi nyingi zimeliacha. Mimi sisemi ni haramu kwa kila hali. Nasema tulitazame kwa insafu. David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, wamewapima madereva kwa mashine za kuigiza barabara kwa miaka mingi, wakaona kuwa anayezungumza kwa simu bila kuishika hukosa kuona vitu vilivyo mbele ya macho yake. Macho yanatazama, moyo uko kwa mtu wa upande wa pili. Katika Suratul-Ahzab, aya ya 4, tunafahamishwa kuwa Allah hakumwekea mtu nyoyo mbili kifuani mwake. Aya inazungumzia mambo mengine, dhihari na watoto wa kupanga, lakini ukweli wake juu ya umbile letu unabaki pale pale. Moyo ni mmoja, na ukiupeleka Kampala kwa maneno, haupo tena kwenye kona ya msitu wa Mabira.

Mtu atauliza: mbona kuzungumza na abiria aliye pembeni hakukatazwi? Jibu ni zuri, na linatupeleka kwenye jambo nililolikusudia tangu mwanzo. Abiria anaona barabara. Lori likitokea, ananyamaza mwenyewe, au anapiga kelele, "Angalia!" Aliyepiga simu haoni lori. Ataendelea kusimulia harusi mpaka asikie mlio.

Basi huyo aliyepiga ni nani? Mara nyingi ni mimi na wewe. Wengi wetu hatuna magari, na mtu akisoma mada hii anaweza kudhani inawahusu madereva tu, yeye apumzike. La. Sisi ndio tunaompigia mwendesha bodaboda tuliyemzoea: "Ssebo, uko wapi? Njoo getini haraka, nimechelewa mtihani." Tunajua kwa saa hiyo yuko barabarani. Tunajua hawezi kuiacha simu yetu, maana kwake kila simu ni mkate wa wanawe. Akichelewa kupokea tunapiga tena, na tena. Na ndiyo sisi tunaomtumia mjomba anayekuja kutuchukua sauti za WhatsApp tatu mfululizo.

Wanafiqhi hutofautisha baina ya mtendaji wa moja kwa moja na msababishaji. Mtendaji, ambaye ni dereva, hubeba dhamana hata kama hakufanya uadui. Msababishaji habebi isipokuwa akiwa amevuka mpaka au amezembea, na wakikutana wawili hao, kwa kawaida mzigo humwangukia mtendaji. Kwa hiyo mbele ya kadhi aliyepiga simu huenda asidaiwe shilingi. Asijifariji kwa hilo. Suratul-Maida, aya ya 2, imetukataza kusaidiana katika dhambi na uadui, na kumng'ang'aniza mtu avunje wajibu wake ni kusaidiana kwa aina yake. Dawa yake ni nyepesi hata inaona haya kuandikwa: neno la kwanza baada ya salamu liwe, "Umesimama?" Akisema yuko njiani, mwambie, "Utanipigia ukifika," ukate wewe, usingoje akate yeye. Mzee mwenye heshima zake anaona vibaya kukukatia simu. Mpunguzie kazi hiyo. Mama naye akipiga kila nusu saa kujua tumefika wapi, anapiga kwa mapenzi. Mpe namba yako wewe uliyekaa nyuma, usimpe ya dereva.

Limebaki la abiria. Hadithi ya Abu Said (r.a.) katika Sahih Muslim ya kuondoa uovu kwa mkono, kisha kwa ulimi, kisha kwa moyo, tunaihifadhi tangu madrasa. Ndani ya taksi karibu sote tunaruka moja kwa moja kwenye moyo: dereva anapanga biashara ya ng'ombe kwa simu kutoka Iganga mpaka Jinja, nasi tunachukia kimya kimya, tukisoma dua. Kwa mkono hapa hakuna maana ya kumpokonya simu, maana hilo litatuua sote. Lakini ulimi upo. "Ssebo, tafadhali, simama pembeni umalize, sisi tutangoja." Au, "Nipe nikupokelee, nimwambie unaendesha." Madereva wengi hukubali wakiambiwa kwa adabu, tena na kijana anayeonekana msomi. Abiria wengine wanaweza kukukemea kuwa unamsumbua mtu kazini. Hao wakumbushe, kama wanasikiliza, mfano wa watu wa jahazi aliousimulia Nu'man ibn Bashir (r.a.) katika Bukhari: wa chini walitaka kutoboa upande wao ili wapate maji bila kuwaudhi wa juu. Wakiachwa watoboe, wanazama wote. Wakizuiwa, wanaokoka wote. Na kwenye bodaboda una njia nyingine, nayo ni kushuka. Lipa nauli ya pale mlipofika, shuka, tafuta mwingine.

Kwa safari zetu za pamoja nina pendekezo kwa ndugu wa uongozi wa jumuiya. Abu Dawud amepokea agizo kuwa watu watatu wakitoka safarini wamweke mmoja wao awe amiri. Safari hii amiri tusimchague kwa ajili ya kukusanya nauli na kugawa sambusa tu. Akae kiti cha mbele. Mkataba wa kukodi basi uandikwe wazi kuwa simu ya dereva itakaa kwa kondakta tangu injini inapowashwa mpaka inapozimwa, na akihitajika na mwenye basi au na familia yake, gari litasimama mahali salama azungumze kwa nafasi. Wazazi wapewe namba ya amiri na ya msaidizi wake. Dada zetu nao wawe na amira wao nyuma, kwa sababu yeye ataona yale ambayo amiri wa mbele, akisinzia, hatayaona. Mkataba wenye sharti hilo ukikataliwa na mwenye basi, pale stendi ya Mbale mabasi hayajaisha.

Wabillahi tawfiq.